Risasi tatu, bunduki moja: tatizo la tathmini za AR-15 za bei nafuu

Ukitazama video tatu za tathmini ya bunduki za bei nafuu kutoka Marekani, umezitazama zote. Mtathmini anafungua boksi juu ya meza, anataja bei kwa sauti ya mshangao, anatingisha sehemu ya juu na ya chini aone kama zinacheza, halafu anakwenda uwanja wa shabaha. Pale anapiga risasi tatu kwenye karatasi iliyo umbali wa yadi 100 (kama mita 91), anaweka rula, anatangaza: inchi moja! Kisha anamaliza magazini sita au saba bila bunduki kukwama, na hukumu inatoka: kwa hela hii hupati bora zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huku vyote viwili vinatembezwa, na kwa maneno yaleyale.

Utauliza, sasa hii inaihusu vipi blogu ya sayansi, tena ya Kiswahili? Wengi wetu hatutakaa tununue AR-15 maishani. Sawa. Lakini video hizi ni majaribio. Kuna dai, kuna kipimo, kuna sampuli, kuna hitimisho. Na ni majaribio mabovu kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza wa takwimu anaweza kuionyesha kwa kalamu na karatasi. Pia kuna sababu nyingine nzito ya kutaka yawe mazuri, nitaifikia huko mbele.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. AR-15 ni bunduki iliyobuniwa na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950. Herufi AR zinatokana na jina la kampuni, hazina uhusiano na neno lolote la kutisha. Mwaka 1959 ArmaLite waliwauzia Colt haki zake. Jeshi likachukua toleo lake, likaitwa M16, na raia wakauziwa toleo la nusu-otomatiki: ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, na bunduki inajipakia yenyewe ikisubiri uvute tena. Hataza ya mfumo wa gesi wa Stoner ilikwisha muda wake mwaka 1977, na kuanzia hapo kampuni yoyote yenye mashine za kuchonga chuma iliweza kuingia sokoni. Ndiyo maana leo kuna AR-15 za dola 2,000 na zaidi, na kuna zile za kuanzia, za kati ya dola 500 na 800 hivi. Smith & Wesson waliingia na M&P15 Sport mwaka 2011, Ruger wakaja na AR-556 mwaka 2014. Hizi ndizo bunduki zinazosifiwa kwenye video.

Hela inapungua wapi?

Hapa niwe mkweli: kwa upande wa uhandisi, bunduki za bei nafuu zina utetezi mzuri kuliko watu wanavyodhani, na watathmini wengi wanashindwa hata kuutumia.

Fikiria kinachotokea ukivuta kifyatulio. Baruti inawaka ndani ya ganda la risasi na presha inapanda. Kwa risasi ya .223 Remington, kiwango cha juu kinachokubalika na viwanda vya Marekani ni psi 55,000, yaani karibu megapaskali 380. Tairi la gari dogo lina psi 32 hivi. Kwa hiyo ndani ya chemba, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kuna presha ya zaidi ya mara 1,700 ya ile ya tairi. Nani anaizuia? Ungetegemea ni mwili mzima wa bunduki, lakini sivyo. Bolti ina meno yanayojifunga moja kwa moja ndani ya kipande cha chuma cha pua kilichoungwa nyuma ya mtutu. Nguvu yote inazunguka hapo, kati ya bolti na mtutu. Mwili wa nje haubebi mzigo huo, na kwa sababu hiyo Stoner aliweza kuutengeneza kwa alumini, jambo lililowashangaza wengi wakati ule.

Hiyo ndiyo siri ya bei. Mwili wa alumini, ambao ndio unaoonekana na kupigwa picha, haubadiliki sana kati ya bunduki ya bei ya chini na ya bei ya juu. Karibu zote ni alumini ya aina ya 7075-T6, iliyofuliwa kwa kugandamizwa kwenye kalibu, na viwanda vinavyofua vipande hivyo ni vichache tu, vinawauzia wengi. Nembo inachorwa baadaye. Kwa hiyo mtathmini anayetingisha mwili aone kama unacheza anapima kitu ambacho hakina athari ya maana kwa shabaha wala kwa uimara. Anapima hisia ya mkono wake.

Tofauti inayogharimu iko ndani. Mtutu wa kijeshi kwa kawaida ni chuma cha pua aina ya 4150, chenye kaboni kama asilimia 0.50. Wa bei nafuu mara nyingi ni 4140, wenye asilimia 0.40 hivi. Kaboni zaidi inasaidia chuma kivumilie joto la kupiga mfululizo. Kwa mtu anayepiga risasi sitini Jumamosi na kurudi nyumbani, tofauti hiyo hataiona. Halafu kuna ngozi ya ndani ya mtutu. Njia ya zamani ni kuupaka kromu kwa umeme, na kuipaka kwa usawa ndani ya tundu jembamba lenye mifereji ni kazi ngumu. Njia ya bei nafuu ni kuuzamisha mtutu kwenye chumvi ya moto iliyoyeyuka ili nitrojeni na kaboni vipenye kwenye chuma chenyewe na kuifanya ngozi yake iwe ngumu. Huku si kupaka rangi, maana hakuna tabaka jipya linaloongezwa, ni chuma kilekile kilichobadilika usoni. Kinazuia kutu vizuri na hakiharibu vipimo vya mtutu. Kwa moto mkali wa kijeshi kromu bado ina nafasi yake, lakini kwa mteja wa kawaida njia hii ya rahisi inaweza kuwa ndiyo bora. Hapo unaona kitu cha bei ya chini kikishinda kwa sababu ya kemia nzuri, na video zinakitaja kwa jina la kibiashara tu na kupita.

Kuna jambo moja ambalo kidogo linaniudhi. Sheria ya Marekani inataka mtutu wa bunduki ya aina hii usipungue inchi 16, ukitaka kukwepa makaratasi ya ziada. Lakini bunduki nyingi za bei nafuu zimebaki na tundu la gesi mahali palepale pa bunduki fupi ya kijeshi, inchi 7 hivi kutoka kwenye chemba, wakati ile ya jeshi ina mtutu wa inchi 14.5. Risasi ikishapita tundu la gesi, gesi inaendelea kusukuma mtambo hadi risasi itoke mdomoni. Ukirefusha mtutu bila kusogeza tundu, unaongeza muda huo, na mtambo unapigwa teke kubwa kuliko inavyohitajika. Springi zinachoka, bolti inachoka. Kusogeza tundu hadi inchi 9 kunapunguza tatizo, na gharama yake haitishi. Hili ni kosa la ubunifu, linaweza kusomwa kwenye karatasi ya vipimo kabla ya kupiga hata risasi moja. Mtathmini akiniambia hilo, nitamsikiliza.

Badala yake ataniambia kwamba bunduki ni "ya viwango vya kijeshi". Neno hili limechoka. Kiwango cha kijeshi ni mkataba mzima: chuma gani, kipimwe vipi, bolti ngapi zijaribiwe kwa presha ya ziada kisha zichunguzwe kwa sumaku kutafuta nyufa, nani asaini. Dukani neno hilo mara nyingi lina maana moja tu, kwamba vipimo vinaingiliana. Mfano bomba la nyuma linaloshika kitako: la kijeshi lina kipenyo cha inchi 1.148, la kibiashara 1.168. Ukiambiwa bomba lako ni la kijeshi, umeambiwa ni kitako gani kitaingia. Hujaambiwa kama bolti yako ilichunguzwa.

Risasi tatu

Sasa tuje kwenye rula.

Hakuna bunduki inayopiga tundu moja. Risasi zinatawanyika kushoto, kulia, juu na chini, na mtawanyiko huo unakaribia sana umbo la kengele tunalolijua darasani. Tuseme bunduki fulani, pamoja na risasi zake na mpigaji wake, ina mkengeuko sanifu wa nusu inchi kila upande kwa yadi 100. Hicho ndicho kitu cha kweli tunachotaka kukijua. Mtathmini hakipimi. Anapima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kipimo kinachoitwa ukubwa wa kundi.

Tatizo la kipimo hicho ni kwamba kinategemea umepiga risasi ngapi. Kila risasi unayoongeza ina nafasi ya kupanua kundi, wala haina nafasi ya kulipunguza. Frank Grubbs, mwanatakwimu aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, aliandika kijitabu kuhusu hesabu hizi mwaka 1964, kwa hiyo si jambo jipya. Kwa bunduki yetu ya mfano, kundi la risasi tatu litakuwa wastani wa inchi 1.2. La risasi tano, 1.5. La risasi kumi, 1.9. Bunduki ni ileile. Mtathmini wa kwanza akipiga tatu na wa pili akipiga kumi, utasoma kwamba bunduki ya kwanza ni bora kwa zaidi ya theluthi moja, na hakuna aliyekudanganya.

Na huo ni wastani tu. Makundi ya risasi tatu yanayumba vibaya mno, kiasi cha asilimia 37 juu au chini ya wastani wake. Kwa bunduki yetu, kupata inchi 0.8 leo asubuhi na inchi 1.6 baada ya chai ni jambo la kawaida kabisa. Mtathmini ataeleza kwamba asubuhi alitumia risasi nzuri, au kwamba mtutu ulipata moto. Anaeleza kelele.

Inakuwa mbaya zaidi anapochagua. Ukipiga makundi kumi ya risasi tatu na ukaonyesha lile dogo kuliko yote, utaonyesha kundi la kati ya nusu inchi na robo tatu. Hapo bunduki inapewa jina la bunduki ya "chini ya inchi". Makundi mengine tisa? Eti hayo mpigaji aliteleza. Sisi tuliokaa maabara tunalijua tabia hili, tunalifanya wenyewe kwenye grafu zetu na kuliita kuondoa data zisizofaa.

Jaribu mwenyewe kama huniamini. Fungua programu yoyote ya lahajedwali, tengeneza safu mbili za namba nasibu zenye umbo la kengele, moja ya mlalo na moja ya wima. Zigawe katika makundi ya tatu tatu na upime umbali mkubwa katika kila kundi. Dakika kumi, bila baruti. Utaona "bunduki" yako moja ikigeuka nzuri, mbaya, nzuri sana, ya kutupwa.

Kuna dawa ya bei nafuu. Pima umbali wa kila tundu kutoka katikati ya kundi, kisha tafuta wastani. Kipimo hiki kinatumia risasi zote badala ya mbili za pembeni, na wastani wake hautegemei sana idadi. Kwa bunduki yetu ni kama inchi 0.6, upige kumi au upige hamsini. Baadhi ya watathmini wameanza kukitumia, hongera kwao. Lakini hata hivyo idadi haikwepeki. Ukitaka kutofautisha kwa uhakika wa kawaida wa utafiti bunduki mbili zinazotofautiana kwa robo, ukitumia makundi ya risasi tatu, unahitaji zaidi ya makundi thelathini kwa kila bunduki. Risasi mia na ushee. Mwenye video alipiga tatu.

Sifuri si sifuri

"Risasi 200, haijakwama hata mara moja." Sentensi hii inasikika kama ushahidi. Tuipime.

Kuna kanuni ndogo ambayo wanaofanya majaribio ya dawa wanaijua: ukijaribu mara n na usione tatizo hata moja, basi kwa uhakika wa asilimia 95 kiwango cha kweli cha tatizo ni chini ya 3 gawanya kwa n. Kwa risasi 200 ni 3/200, yaani asilimia 1.5. Maana yake jaribio hilo haliwezi kuondoa uwezekano kwamba bunduki inakwama mara moja kila risasi 67, ambayo kwa magazini ya risasi 30 ni mara moja kila magazini mbili na kidogo. Bunduki kama hiyo hakuna mtu angeiita ya kutegemewa.

Geuza swali. Chukua bunduki inayokwama kwa wastani mara moja kila risasi 200, kiwango kibaya kwa chombo ambacho mnunuzi anaambiwa kitalinda familia yake. Uwezekano wa kumaliza risasi 200 bila kukwama ni asilimia 37. Zaidi ya mara moja kati ya tatu, bunduki mbovu inafaulu mtihani na kupigiwa makofi.

Lakini kwangu kosa kubwa kuliko yote ni neno moja: moja. Bunduki moja. Swali la mnunuzi wa kitu cha bei nafuu si kwamba "je, nzuri yao ni nzuri kiasi gani?" Swali ni "je, yangu itakuwa kama hiyo?" Kiwanda kinapopunguza gharama, mara nyingi hakipunguzi ubora wa chuma. Kinapunguza macho. Wakaguzi wachache, vifaa vya kuchongea vinavyotumika muda mrefu kabla ya kubadilishwa, skrubu za mfereji wa gesi ambazo hazikugongwa vizuri pembeni ili zisilegee. Wastani unabaki uleule, mkia ndio unarefuka. Tuseme bunduki moja kati ya ishirini inatoka kiwandani na kasoro. Watathmini kumi, kila mmoja na yake, wote wazuri na waaminifu: kuna uwezekano wa asilimia 60 kwamba hakuna hata mmoja atakayeiona kasoro hiyo. Na hapo nimedhani bunduki zao zilitoka dukani bila mpangilio. Nyingi hutumwa na mtengenezaji mwenyewe, na hakuna mtengenezaji anayeokota ya kwanza inayokuja mkononi.

Kuna mahali historia ilishafundisha hili kwa damu. M16 ilipopelekwa Vietnam ilikuwa imefanya vizuri kwenye majaribio. Mwaka 1964 jeshi lilibadilisha aina ya baruti. Baruti mpya ilifanya mtambo uende kasi kuliko ulivyobuniwa na kuacha masizi zaidi. Chemba hazikuwa na kromu, hivyo katika unyevu wa kule zilishika kutu na maganda yakang'ang'ania ndani. Vifaa vya kusafishia havikutosha, maana ilikuwa imevuma kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa sana. Kila uamuzi peke yake ulionekana mdogo. Vikikutana, bunduki zilikwama mikononi mwa askari katikati ya mapigano, malalamiko yakafika bungeni, na mwaka 1967 kamati ndogo iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ilitoa ripoti kali. Kromu kwenye chemba ikaja baadaye, ndipo hali ikatulia. Kilichopimwa kwenye majaribio na kilichofika msituni havikuwa kitu kimoja.

Kwa nini hili si mchezo

Niliahidi sababu nzito. Marekani ina tume ya usalama wa bidhaa za walaji, CPSC. Inasimamia vitanda vya watoto, vikaango, hata wanasesere na bunduki za kuchezea. Bunduki za kweli haisimamii. Mwaka 1976 Kongresi iliizuia kwa sheria kugusa silaha za moto na risasi zake. Kwa hiyo kasoro ikigundulika, kwa mfano bunduki inayofyatuka ikianguka chini, tume hiyo haina mamlaka ya kuamuru zirudishwe kiwandani. Mtengenezaji akiamua kuziita mwenyewe, au akihofia kesi mahakamani, ataziita. Vinginevyo anayebaki kama mkaguzi wa hadharani ni yule jamaa na rula yake.

Unaona sasa kwa nini risasi tatu zinanikera? Kama kungekuwa na taasisi inayopima na kuchapisha, video zingekuwa burudani tu. Hakuna. Na soko lenyewe si dogo: chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo kinakadiria kwamba bunduki za aina hii zilizoingia mikononi mwa Wamarekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni zaidi ya milioni 20.

Kuna jambo jingine ambalo tathmini hizi hazilitaji kabisa, na sitajifanya sijaliona. Tarehe 14 Februari 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya sekondari huko Parkland, Florida. Bunduki iliyotumika ilikuwa M&P15 Sport II, ilinunuliwa kihalali, na ilikuwa moja ya zile zilizokuwa zikikaa kila mwaka kwenye orodha za "bora kwa anayeanza". Sisemi mtathmini alaumiwe. Nasema neno "thamani" limebanwa. Linahesabiwa kama utendaji gawanya kwa dola, kana kwamba tunazungumzia pasi ya umeme. Bei nafuu ni sifa kwa mnunuzi mmoja, lakini kwa jamii ni namba inayoamua silaha ngapi zitakuwa mikononi mwa nani, na nani hatalazimika kusubiri na kudunduliza. Unaweza kuitetea au kuipinga bei hiyo. Kuipima kama vile upande wa pili haupo ndiko siko tayari kukuita tathmini.

Sasa nikuonyeshe jaribio ninaloliheshimu, nisionekane wa kulalamika tu. Mwaka 2013 muuzaji wa risasi Lucky Gunner alichapisha jaribio la bunduki nne za Bushmaster, karibu risasi 10,000 kwa kila moja. Moja ililishwa risasi za ganda la brasi, na tatu zikalishwa za bei nafuu zenye ganda la chuma, kila moja aina yake. Waliandika kila kukwama. Waliikata mitutu katikati wakaonyesha ndani. Bunduki ya brasi ilimaliza bila kukwama hata mara moja, na hapa sifuri ina uzito: 3 gawanya kwa 10,000 ni asilimia 0.03. Moja ya zile tatu haikufika mwisho. Mitutu ya risasi za bei nafuu ililika haraka zaidi, kwa sababu kwenye risasi hizo hata ngozi ya kipande kinachoruka ina chuma ndani yake. Lakini walipiga hesabu na kuonyesha kwamba fedha iliyookolewa kwenye risasi ingetosha kununua mtutu mpya na chenji ikabaki. Hilo ni jibu lenye maana kwa swali la bei, kwa sababu linahesabu maisha yote ya kitu.

Hata hilo lina kasoro zake. Bunduki moja kwa kila aina ya risasi: iliyokwama, ilikwama kwa sababu ya risasi au kwa sababu ndiyo ilikuwa mbovu kati ya nne? Jaribio haliwezi kusema. Na aliyelilipia anauza risasi, ingawa kwa kuwa anauza aina zote mbili, simwoni akifaidika sana na jibu fulani. Wangenunua nane badala ya nne, mbili kwa kila aina, ningenyamaza.

Ila najua kwa nini hawakununua. Risasi moja ya .223 inagharimu kama nusu dola. Risasi elfu moja ni dola 500, bei ya bunduki yenyewe. Bunduki tatu zilizonunuliwa kwenye maduka matatu bila kujitambulisha, risasi 2,000 kila moja, makundi ya kumi kumi kila baada ya risasi 500: dola 3,000 za risasi peke yake, juu yake 1,500 za bunduki, bado siku za uwanjani. Yote hayo ili kuamua kama bunduki ya dola 500 ni nzuri. Mnunuzi wa bunduki ya dola 2,000 anaweza kuwa na subira ya kulipia taarifa hiyo. Wa dola 500 hana, na anayemtengenezea video analijua hilo.